Kiboko wa Jumamosi Asubuhi

Pampu ilikuwa imekataa tena, kwa hivyo Jumamosi hiyo Wechuli alikuwa akipandisha maji kwa mkono. Yeye ni keateka, mtunzaji wa jengo la ghorofa nne huko Migosi, Kisumu, na maji yakikosekana juu, wapangaji hawamwiti fundi, wanamwita yeye. Alikuwa ameshapeleka mitungi ya mama mwenye mapacha na ya mwalimu mmoja asiyesalimu watu, na sasa alikuwa na wa Sheryl, mlango wa mwisho kabisa. Kila akifika kwenye kona ya ngazi aliuweka mtungi chini, akashika kiuno, akangoja magoti yatulie, kisha akaendelea.

Sheryl anafanya kazi kwenye duka la miwani mjini. Mlango wake ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na yeye na marafiki zake wawili walikuwa wamelala kifudifudi kwenye zulia, wakiangalia simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya sosi. Wechuli aliusikia wimbo uliotoka kwenye simu ile, na mabega yake yakashtuka kidogo, kama ya mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Mzee, weka tu kwa jikoni," Sheryl akasema. "Ama kuja kwanza uone. Hii ilikuwa shoo yetu tukiwa watoto. Jumamosi saa mbili asubuhi, hakuna mtu angetutoa kwa kiti."

Wechuli akainama. Picha ilikuwa mbaya, mtu aliinakili kutoka kwa kanda ya zamani, na mistari myeupe ilikuwa ikipita juu yake. Katikati ya watoto waliovalishwa nguo za kanisani, kiboko wa kitambaa cha kijivu alikuwa akicheza, tumbo likienda huku na yeye akienda kule.

"Huyo ni Anko Rao," rafiki mmoja akamweleza. Rao kwa Dholuo ni kiboko. "Nilikuwa nampenda kuliko maanko wangu wa ukweli."

"Mzee, watoto wako walikuwa wanaiangalia?" Sheryl akauliza.

"Mmoja alikuwa anaiangalia," Wechuli akasema. "Mimi sikuwa na nafasi."

Akamimina maji, akachukua mtungi mtupu, akashuka.

Katika jengo lile zima, aliyejua kwamba ndani ya kiboko yule alikuwa Wechuli ni mkewe tu, Nasike.

Wawili hao walikuja Kisumu kutoka Kimilili wakiwa vijana, na msichana wao mdogo Nabwire mgongoni, wakimfuata binamu aliyesema kuna kazi bandarini. Kazi ya bandarini haikuwepo. Wechuli akabeba magunia, akachimba mitaro, na mwishowe akapata kazi ya usafi katika kituo kidogo cha televisheni kilichokuwa juu ya duka la mabati na misumari. Kilikuwa kituo cha mji tu. Kilirusha habari za soko, mahubiri na muziki, na picha zake zilififia ukishafika Ahero.

Mwaka ambao shule za msingi zilianza kuwa za bure, kituo kikaamua kuwa na kipindi cha watoto kila Jumamosi asubuhi. Mtangazaji alikuwa mwalimu wa chekechea aliyeitwa Elsie, na watoto wakamwita Anti Elsie. Fundi wa cherehani wa Kibuye alishona vazi la kiboko kwa blanketi na vipande vya godoro. Kijana aliyeajiriwa kulivaa alipata kitu kizuri zaidi Nairobi, na siku ya kwanza hakuonekana. Watoto walikuwa wameshaketi kwenye mikeka. Elsie akatoka kwenye korido, akamkuta Wechuli na fagio lake, akampima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Unajua kucheza?"

"Kwa harusi tu, Madam."

"Inatosha."

Ndani ya vazi kulikuwa na joto la kutisha, na njia pekee ya kuona ilikuwa tundu la mdomo. Lakini Wechuli aligundua jambo ambalo hakulitarajia. Mle ndani hakuwa na haya. Yeye ambaye mbele ya wakubwa wa kituo aliongea akitazama sakafu, alitingisha mabega kwa namna ya watu wa kwao, akaanguka makusudi, akainuka, akajifanya kumkosa mtoto aliyesimama mbele ya pua yake. Watoto walicheka mpaka mpiga picha naye akacheka. Elsie hakutafuta mtu mwingine tena.

Kulikuwa na sehemu moja ya kipindi ambayo watoto waliingoja kuliko zote. Karibu na mwisho, Elsie aliwapanga mstari, na kila mmoja akamwendea Rao na kumnong'oneza jambo sikioni. Maikrofoni zilizimwa, muziki ukapigwa. "Rao hana maneno," Elsie aliwaambia kila wiki. "Ana masikio peke yake." Kwa hiyo Wechuli ndiye aliyesikia. Nimekojoa kitandani. Nimevunja antena ya redio na nikasema ni paka. Sitaki mtoto mpya, arudi alikotoka. Mtoto mmoja wa kiume alisema baba siku hizi analala kwa nyumba ingine. Wechuli alitikisa kichwa kikubwa cha godoro, akampapasa mtoto begani mara mbili, na mwingine akaja.

Sharti la Elsie lilikuwa moja tu: watoto wasijue kamwe ni nani aliye ndani. Wechuli aliingia kwa ngazi za nyuma kabla hakujapambazuka vizuri, na akatoka wote wakishaondoka. Nasike aliambiwa. Nabwire, kwa kuwa alikuwa mtoto, hakuambiwa.

Wakati huo walikaa Nyalenda. Televisheni yao ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa kila Ijumaa. Jumamosi asubuhi watoto wa majirani walijaa chumbani mpaka juu ya kitanda. Nasike alisimama nje akizungusha antena iliyofungwa kwenye mti mrefu.

"Imeshika?"

"Bado, Mama."

"Sasa je?"

"Imepita. Rudisha kidogo."

Rao akatokea, na kelele zikasikika hadi kisimani. Baba wa nyumba hiyo alirudi mchana, kipindi kimeisha na uji umeganda kwenye vikombe. Jioni alikuwa na kazi nyingine ya kulinda stoo ya saruji, kwa hiyo alilala papo hapo, uso umeelekea ukutani. Nabwire alikuwa akija kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, leo Rao alianguka juu ya ngoma."

"Eeh," Wechuli akajibu, akalala.

Ilikwenda hivyo miaka kadhaa. Kisha vituo vikubwa vya Nairobi vikaja na katuni za rangi, mwenye kituo akaugua, na Ijumaa moja wafanyakazi walikuta mlangoni kufuli jipya. Elsie alilia pale kwenye ngazi, kisha akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri na kwenda zake. Baadaye walisikia ameolewa Kitale. Hakuna mtu aliyewaaga watoto. Jumamosi yake waliwasha televisheni wakakuta chenga tupu, na Nasike alizungusha antena hadi mikono ikauma, ingawa alijua.

Baada ya hapo Wechuli alipakia sukari, akalinda geti, akaosha magari kando ya ziwa, na mwishowe akawa keateka. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyomwangusha kwa siku moja. Zilimla kidogo kidogo. Sasa amepita miaka hamsini na tano, na akikaa chini huwaza kwanza atainuka vipi.

Nasike ana kibanda cha omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga nje ya geti la jengo. Jumatatu baada ya ile siku ya mitungi, Sheryl alisimama hapo akinunua sukuma wiki huku akiongea na simu. Alikuwa akimwambia mtu kwamba wanapanga kukutana, wote waliokua wakiangalia ile shoo, na kwamba shida ni kumpata Rao, kwa sababu hakuna anayejua alikuwa nani.

Nasike akaendelea kukata mboga. "Huyo kiboko mnayemtafuta," akasema, "ndiye ananikoromea kila usiku."

Sheryl akateremsha simu. "Mama, unasema?"

"Nasema ndiye anafagia hizi ngazi zenu."

Jioni hiyo Wechuli alimkasirikia mkewe, kwa kadiri alivyobaki na nguvu za kukasirika.

"Kwa nini uliwaambia?"

"Kwa nini nisiwaambie? Wewe umeua mtu?"

"Tulisema hawatajua."

"Walikuwa watoto, Baba Nabwire. Sasa wako na ndevu."

Siku chache baadaye Sheryl alimleta kijana aliyekuwa akipanga mkutano huo. Jina lake Griffin, anauza bima, na alivaa viatu ambavyo Wechuli aliona haviwezi vumbi la hapo. Walikaa kwenye chumba cha keateka chini ya ngazi, Griffin kwenye kiti, Wechuli kwenye kitanda. Griffin alieleza kila kitu: bustani ya hoteli upande wa Dunga, Jumamosi asubuhi, uji na mkate, vidio za zamani kwenye skrini kubwa. Fundi angeshona vazi jipya, jepesi.

"Tafuta kijana mrefu umvalishe," Wechuli akamwambia. "Ndani ya kitambaa watu wote ni sawa."

"Mzee, wataona si yeye."

"Hawataona. Wewe mwenyewe ungeona?"

"Mimi sikuwahi kuiangalia," Griffin akasema.

Wechuli akamtazama.

"Kwetu ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, mama alikuwa anafunika TV na kitambaa mpaka Jumamosi jioni. Jumatatu shuleni wote walikuwa wanaongea juu ya Rao, Rao alifanya hivi, Rao alianguka. Na mimi nilikuwa nasema hata mimi nimeona. Nilijifunza zile hatua zake kwa kuangalia wengine wakicheza wakati wa mapumziko. Kwa hivyo si eti narudisha kitu. Nataka tu niwe hapo mara moja."

Juu yao mtu alikuwa akikokota meza.

"Nitakaa ndani kwa muda mfupi," Wechuli akasema. "Miguu yangu si ile."

Nasike alisema baadaye kwamba mumewe huwa hawezi kumkatalia mtu anayeomba bila kelele, na kwamba ndivyo alivyopata kazi ngumu zote maishani.

Siku ilipofika walikuja watu wengi kuliko Griffin alivyofikiri. Walikuwa wanaume na wanawake wa miaka thelathini hivi, wengine wamevaa nguo za kulalia kwa utani, leso juu ya bega, soksi na ndara. Walikunywa uji kwa vikombe vya plastiki na kula mkate uliopakwa siagi nene. Baadhi walileta watoto wao, lakini watoto hao walikaa nyuma na simu za wazazi, na mmoja alipomwona kiboko alilia mpaka akatolewa nje. Wakubwa ndio walioruka. Wechuli alipotoka nyuma ya hema na wimbo ukaanza, walipiga mayowe kama watu walioona ndugu aliyedhaniwa amekufa.

Alicheza. Mabega yalikumbuka. Wimbo wa pili ulipoanza goti la kushoto lilianza kuchoma, na alipoanguka makusudi kama zamani, kuinuka kulichukua muda mrefu, na watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Vazi lilikuwa jepesi kweli, lakini jua la Kisumu halikuwa limepunguzwa na mtu. Jasho lilimwingia machoni, na hakukuwa na njia ya kulipangusa.

Kisha Griffin akatangaza kwamba ni wakati wa masikio.

Wechuli alidhani watatania. Wa kwanza alitania kweli, alisema nimekojoa kitandani, akaondoka akicheka. Wa pili alikuwa mwanaume mnene mwenye pete. Aliinama, akasema: "Rao, waliniachisha kazi mwezi wa pili. Bibi yangu hajui. Kila asubuhi navaa tai natoka, naenda kukaa Uhuru Garden mpaka jioni."

Wechuli akatikisa kichwa, akampapasa begani mara mbili. Hakujua kitu kingine cha kufanya.

Mwanamke akaja akasema mama yake alikufa mwaka jana, na kwamba ndiye aliyekuwa akimwashia televisheni, akimwacha alale hadi wimbo uanze. Mwingine akasema amekaa na mtu miaka saba na hajui kama anampenda au amezoea. Mwingine akasema daktari ameona kitu. Kijana mwembamba aliweka paji la uso kwenye sikio la kitambaa na kusema, "Aol, Rao. Nimechoka tu. Hakuna kingine." Na baada yake wengi wakasema hilo hilo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Dholuo, kwamba wamechoka. Wengine hawakusema chochote, walipumua tu na kuondoka. Sheryl alipofika alimkumbatia haraka, akitazama pembeni, kwa sababu alijua ni nani aliye ndani.

Mstari ulikuwa bado mrefu, ukizunguka hema. Wechuli alianza kuona weupe kwenye kingo za lile tundu la mdomo. Akapanua miguu ili asimame vizuri. Mtu mwingine akaja mbele yake, lakini huyu hakuinama sikioni. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Baba, umekunywa maji?"

Alikuwa Nabwire.

Nabwire ana saluni yake Katito, na si mtu wa kuja mjini ovyo. Hawakuwa wamegombana na baba yake. Walikuwa tu wamezoea kupigiana simu wakati wa Krismasi na mtu akiugua, na kuulizana hali, na kumpa Nasike simu. Nasike ndiye aliyemwambia kuhusu siku hiyo.

Hakungoja jibu. Alimshika mkono, ule mkono mnene wa kitambaa, akamwongoza nyuma ya hema. Watu kwenye mstari wakanung'unika. Alimkalisha juu ya kreti la soda, akamvua kichwa cha vazi, akammiminia maji mdomoni kisha utosini. Wechuli alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. Kwa muda hakuweza kuongea, na Nabwire alimpepea kwa kifuniko cha katoni.

"Nani alikuambia niko ndani?" akauliza mwishowe. "Mama?"

"Nilijua nikiwa darasa la pili."

"Ulijuaje?"

"Unavyotembea. Mguu wa kushoto unauzungusha kidogo, kama unaruka mfereji. Nilikuwa nakuona ukienda chooni, halafu nakuona kwa TV."

Wechuli akatazama kifuniko cha katoni kikienda na kurudi. "Na hukusema."

"Ningemwambia nani? Shuleni walikuwa wanapigana ni nani Rao alimgusa. Na mimi huyo Rao alikuwa kwetu amelala, ameangalia ukuta." Alisema bila ukali, akiendelea kupepea. "Nilikuwa nakuja kukuambia vitu alivyofanya, nikidhani utacheka useme ni mimi. Unasema tu eeh. Nilikuwa naona wivu kwa hao watoto. Walikuwa wanakuambia mambo na unawasikiliza."

"Nilikuwa nimechoka, mama," Wechuli akasema. Humwita binti yake mama, kwa kuwa alipewa jina la mama yake Wechuli.

"Najua. Sasa ndiyo najua. Nasimama kwa hiyo saluni siku nzima, mtoto wangu akianza hadithi jioni, nami nasema eeh."

Upande wa pili wa hema muziki ulikuwa ukirudia wimbo ule ule. Griffin akachungulia, akaona uso wa Wechuli, akaogopa.

"Mzee, tuache hapo. Nitawaambia imetosha."

"Wamebaki wangapi?"

"Ni wengi, lakini wataelewa."

Wechuli akafikiri. Nabwire alimwona akifikiri, akajua atasema nini, akashusha pumzi.

"Wamepanga mstari kwa jua," Wechuli akasema. "Wa mbele amesikilizwa, wa nyuma aambiwe arudi nyumbani. Si vizuri."

"Basi utakaa kwa kiti," Nabwire akasema. "Hakuna kucheza. Na kivulini. Na mimi ndiye nitasema nani aje na nani aondoke."

Griffin akakimbia kutafuta kiti. Waliliweka vazi sawa, na Nabwire akamrudishia baba yake kichwa cha kiboko, akahakikisha tundu liko mbele ya macho. Alisimama kando ya kiti muda wote uliobaki. Aliwaambia watu waje mmoja mmoja, waseme maneno machache, wasimwegemee. Mara kwa mara alisimamisha mstari, akamwinulia kichwa kile kidogo, akampa maji kwa mrija. Mtu mmoja aliuliza kama yeye ndiye Anti Elsie. Akasema hapana, yeye ni wa kwao.

Griffin alikuwa wa mwisho. Alinong'ona kwa muda mrefu kuliko wote. Nabwire alijifanya anakunja kitambaa cha meza.

Walirudi Migosi kwa tuktuk. Wechuli alilala bila kula, na Jumapili hakuweza kuinuka, kiuno kilikuwa kimekaza kama ubao. Nabwire alikuwa amepanga kuondoka jioni ya Jumamosi, lakini alikaa mpaka Jumatatu. Alimkanda mgongo kwa mafuta ya moto, akamsaidia mama yake kibandani, akagombana na fundi wa pampu mpaka akaja. Hawakuzungumza mengi. Jumapili jioni, televisheni ikiwa inaonyesha mahubiri ambayo hakuna aliyekuwa akiyasikiliza, alimuuliza baba yake watu wale walimwambia nini.

"Mambo yao," Wechuli akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nabwire akacheka, na kumwambia kwamba mtoto wake, Naswa, amekataa kula viazi tangu amsikie mwalimu akisema viazi vina macho. Wechuli alikuwa amefumba macho. Alimuuliza, "Sasa anakula nini?" na Nabwire akamweleza, kwa urefu.

Griffin alitaka kuifanya tena, Kakamega, kisha Homa Bay. Wechuli alikataa zote mbili. Walimpata kijana mrefu wakamvalisha, na Sheryl alimwambia Wechuli kwamba ilienda vizuri, watu walilia. Wechuli akasema ni sawa. Nabwire huja Jumamosi nyingine na Naswa, nyingine haji. Saluni hujaa Jumamosi, na yeye pia ana miguu. Akija, baba yake husinzia kwenye kiti katikati ya maneno, na Naswa humtikisa aendelee kusikiliza.

Kitu ambacho Wechuli hakukitarajia kilitokea kwenye ngazi. Habari zilikuwa zimeenea katika jengo. Yule mwalimu asiyesalimu alianza kusalimu. Mama wa mapacha alimsimamisha akiwa na ndoo na kumwambia mambo ya mumewe ambayo Wechuli hakuyaomba. Alimwambia, "Mama, mimi ni keateka tu," lakini alikuwa ameshasimama, na mwanamke akaendelea.

Na jioni moja, mvua ikitaka kunyesha, alimkuta Sheryl amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili na viatu vyake mkononi. Duka la miwani lilikuwa likifungwa mwisho wa mwezi. Kuna na mambo mengine, akasema.

"Ngoja nikae kwanza," Wechuli akasema. Akashika chuma cha ngazi, akajishusha polepole, akanyoosha mguu wa kushoto. "Sasa sema."

Sheryl alisema mpaka mvua ikaanza na ikapungua. Alipomaliza, alimtazama kana kwamba anangoja kupapaswa begani.

"Una mama?" Wechuli akauliza.

"Yuko Sondu."

"Nenda ukalale kwake. Usitafute kazi, usifikirie kitu, lala. Ukiamka uje. Mlango nitautazama."

"Na kodi, Mzee?"

"Hiyo nitaongea na mwenye nyumba. Huwa ananisikia akiwa ameshiba."

Ijumaa Sheryl akaenda, na akakaa huko zaidi ya wiki. Alikuwa na maua mawili kwenye makopo karibu na dirisha. Wechuli alipanda kuyamwagilia siku ambazo magoti yalikubali. Moja lilikauka, lingine lilikuwa hai aliporudi.